Liemba: masua ya vita iliyobeba wakimbizi

Jamaa nyingi zilizokimbia kutoka Uvira na Fizi zinajua jina la Liemba. Kuna walioipanda, kuna walioiona tu ikipita mbali ziwani. Lakini ni wachache wanaojua kwamba masua hiyo ilitengenezwa kabla babu zetu wengi hawajazaliwa, tena kwamba ilianza kazi yake kwa vita. Tuieleze leo, kwa sababu watoto waliozaliwa kambini wanauliza wazazi wao walivuka namna gani.

Ilitengenezwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Urefu wake ni mita 70 hivi. Wakati ule Wajerumani walitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi, na Wabelgiji walitawala Kongo. Kwa kuwa hakuna njia ya maji kutoka baharini mpaka ziwa letu, masua ilifunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku 5,000 hivi. Yalisafirishwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, halafu kwa reli kuelekea Kigoma. Mafundi watatu wa kiwanda walikuja kuiunganisha upya. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, vita vya kwanza vya dunia vikiwa vimeshaanza. Iliitwa Graf von Goetzen, jina la gavana wa zamani wa Kijerumani.

Vita hivyo vilifika upande wetu pia. Waingereza walileta maboti mawili madogo yenye injini, Mimi na Toutou, kupitia Katanga. Yalipandishwa milimani kwa kuvutwa na mashine za mvuke, ng'ombe na mikono ya watu, mpaka yakafika ziwani karibu na Kalemie ya leo, mwisho wa mwaka 1915. Waafrika wengi walifanya kazi hiyo ya kufungua njia na kuvuta, lakini vitabu vinataja zaidi majina ya wakubwa wa Kizungu. Maboti hayo yalikamata masua moja ya Wajerumani na kuzamisha nyingine. Halafu, mwaka 1916, ndege za Wabelgiji zilitoka upande wa Kalemie zikarusha mabomu Kigoma.

Wajerumani walipoona kwamba Kigoma itachukuliwa, waliizamisha masua yao wenyewe, tarehe 26 Julai 1916, karibu na mahali ambapo mto Malagarasi unaingia ziwani. Mafundi walipaka injini grisi nyingi kwanza, wakitumaini kwamba siku moja itainuliwa. Wabelgiji walijaribu kuiinua, lakini ilizama tena. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa, wakakuta injini bado ni nzima. Ilirudi kazini mwezi wa Mei 1927 ikiwa na jina jipya, Liemba, jina ambalo watu wa upande wa kusini waliliita ziwa.

Kutoka hapo ilikuwa masua ya raia. Kwa miaka mingi ilisafiri kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, ikibeba abiria 600 hivi pamoja na mizigo. Vijiji vingi vya njiani havina gati. Masua inapiga honi, inasimama majini, na mitumbwi inakuja mbio kutoka ufukweni. Mama mwenye mtoto mgongoni anapanda huku mwingine anashuka na magunia yake, hata kama ni usiku wa manane. Ndagala, mahindi, mananasi, sabuni, vyote vinapita mlango huo mmoja. Katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli.

Halafu vita vyetu vikaja. Mwaka 1996 mapigano ya Kivu ya Kusini yalisukuma watu wengi kuvuka ziwa, na mwaka huo huo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Tanzania. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, shirika la UNHCR lilitumia Liemba kurudisha wakimbizi kutoka Kigoma mpaka Uvira. Masua iliyotumiwa vitani dhidi ya upande wetu ndiyo iliyoleta watu wetu nyumbani. Wengi walilazimika kukimbia tena mwaka uliofuata, vita vya pili vilipoanza mwezi wa Agosti 1998.

Mwezi wa Mei 2015 ilikuwa zamu ya ndugu zetu wa Burundi. Maelfu kwa maelfu walijaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikaingia. Liemba haikuweza kukaribia nchi kavu. Watu walipelekwa kwa boti ndogo mpaka ilipo, kisha ikawafikisha Kigoma. Wengi wao waliishia Nyarugusu, pamoja na Wakongomani waliotangulia karibu miaka 20.

Kwa nini tukumbuke haya? Kwa sababu kuvuka ziwa hili bado ni hatari. Mwezi wa Desemba 2014 masua Mutambala ilizama upande wa Kalemie, na watu zaidi ya 100 walikufa. Mpaka leo watu wanapanda maboti ya mbao yaliyojaa kupita kiasi, bila jaketi za kuokoa, kwa kuwa hawana kitu kingine. Liemba yenyewe ilisimama miaka ya karibuni kwa ajili ya matengenezo makubwa. Masua ya umma inapokosekana, anayeumia ni mama anayepeleka ndagala sokoni, na siku ya bunduki ni huyo huyo anayekosa njia ya kukimbia.

Wazee mlio kambini, ninyi mliopanda Liemba, waelezeni watoto: mlipanda wapi, mlikuwa na nani, mlibeba nini. Safari zenu nazo ni sehemu ya historia ya masua hiyo, na zisipoelezwa zitapotea.