Marinda Yasiyosahau

Ukitaka kujua kitambaa ni cha aina gani, usimuulize muuzaji. Chomoa uzi mmoja, washa kiberiti. Ukinuka kama karatasi na kuacha jivu laini, hiyo ni pamba. Ukijikunja, ukayeyuka na kuacha kidonge kigumu, hiyo ni poliesta.

Moto unaotoboa siri ya nguo ndio pia unaoipa sura. Marinda ya sketi ya shule, ule mstari wa mbele wa suruali, zote ni kazi ya joto. Sisi hudhani kupiga pasi ni kuondoa mikunjo tu. Kumbe ni kuiweka pia, kwa makusudi. Na kazi hiyo ni ya zamani kuliko pasi yenyewe.

Buganda, kabla pamba haijaenea, watu walivaa lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba. Gome la ndani hubanduliwa msimu wa mvua, kisha hulainishwa kwa joto, la moto au la maji yanayochemka. Halafu fundi hulipondaponda kwa nyundo za mbao zenye mifereji, akianza na minene na kumalizia na myembamba. Hiyo mifereji ndiyo inaacha mistari unayoihisi ukipitisha kidole. Mti wenyewe hufungwa majani ya mgomba kama mgonjwa, na gome linaota tena. UNESCO iliutambua ufundi huu mwaka wa 2005, na 2008 ukaingia kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu. Leo msanii wa Uganda, Sanaa Gateja, anashonea shanga za karatasi juu ya lubugo. Nguo hiyo ikichoka kabisa, inarudi udongoni.

Pamba ni tofauti. Pamba husahau. Nyuzi zake hushikana kwa vifungo vidogo sana ambavyo maji huvilegeza na joto huvifunga upya. Ndio maana dobi hunyunyiza maji kabla ya kupitisha pasi, na ndio maana ukifua, marinda yanaenda na maji.

Mbotela ina jina la Tom Mbotela, kiongozi wa KAU aliyeuawa Novemba 1952. Katika Nairobi ya wakati wake, Mwafrika alipimwa kwa macho kabla hajafungua mdomo, kwa hivyo nguo iliyonyooka haikuwa urembo tu. Lakini kunyooka huko kuligharimu makaa, wanga na mkono wa mtu, tena mara nyingi mkono wa mama au dada mkubwa. Nguo ikifuliwa, anaanza upya.

Kisha ikaja poliesta. Wakemia wawili Waingereza, Whinfield na Dickson, waliivumbua mwaka wa 1941, ikauzwa kwa jina la Terylene. Hii ni plastiki iliyovutwa ikawa uzi. Ikipita digrii 70 au 80 hivi huanza kulegea, na ikikaribia 260 huyeyuka. Fundi anafanyia kazi hapo katikati: ikunje, ipashe joto, iache ipoe ikiwa bado imekunjwa. Umbo linabaki hata baada ya kufua. Sasa fikiria kufanya hivyo kwa pasi ya makaa, isiyo na namba yoyote ya kuonyesha joto. Fundi anadondosha tone la maji na kusikiliza linavyolia, kisha anaweka gazeti au kitambaa chenye unyevu juu ya nguo isishike pasi.

Mwaka wa 1993, Mjapani Issey Miyake alianzisha Pleats Please. Nguo inashonwa kubwa kupita kiasi, inawekwa kati ya karatasi, inapitishwa kwenye mashine ya joto na kutoka na marinda ya kudumu. Ikitokea kwenye beli Gikomba, hiyo ni kamera bila ubishi. Lakini kanuni ni ile ile ya fundi wetu na gazeti lake. Tofauti ni kwamba mmoja anaitwa msanii, mwingine anaitwa "we fundi, umemaliza?"

Hata hivyo, si jina tu linalonisumbua. Yule dada mkubwa alitaka marinda yasiyosahau, na tukayapata. Sasa hayawezi kusahau hata tukitaka. Lubugo huoza, pamba huoza, lakini sketi ya poliesta iliyotupwa Dandora inaweza kuchakaa, kuchanika na kujaa matope, na marinda yake yangali yamesimama wima.

Siku hizi wasanii wa vitambaa hutumia kipuliza hewa moto, kama kile cha kukaushia nywele ila kikali zaidi, kukunja na kutoboa poliesta mpaka ifanane na gome au ngozi. Kazi ni safi, mradi madirisha yawe wazi, maana moshi wake si wa kuvuta. Ombi langu ni moja: wasinunue kitambaa kipya. Malighafi tayari iko hapa mjini, imerundikana, na moto bado unaielewa.