Walezi Mashuhuri na Watoto wa Kapteni Coram

Foundling Hospital, makao ya kwanza ya watoto waliotupwa mjini London, yalipata hati ya kifalme kutoka kwa Mfalme George wa Pili tarehe 17 Oktoba 1739. Ingawa jina lake lina neno linalomaanisha hospitali, enzi hizo neno hilo lilitumika pia kwa nyumba yoyote ya kupokea wahitaji, na kazi ya nyumba hii ilikuwa kulea. Aliyeihangaikia ni Thomas Coram, mjenzi wa meli na nahodha aliyewahi kuishi miaka kadhaa Massachusetts kabla ya kurudi Uingereza. Alikaa Rotherhithe, na shughuli zake zilimpeleka katikati ya London alfajiri na kumrudisha jioni. Kando ya njia alikuta vichanga walioachwa, baadhi wamekwisha kufa, baadhi wakivuta pumzi za mwisho. Alibisha milango ya wakubwa kwa miaka 17.

Kilichomkwamisha kilikuwa aibu kuliko fedha. Watu wa heshima walisema kwamba kuwalea watoto waliozaliwa nje ya ndoa ni kuubariki uzinzi, na mwanamume aliyejitokeza kuunga mkono jambo hilo alichelea kudhaniwa kuwa ana mtoto wake humo. Coram, mtu wa baharini asiyejua kubembeleza, aligeuka akawaendea wanawake. Wa kwanza kutia sahihi ombi lake alikuwa Charlotte, mke wa Duke wa Somerset, mwaka 1729, na baada yake wakafuata wengine wa tabaka hilohilo hadi wakatimia 21. Ombi lilifika kwa mfalme mwaka 1735. Wanawake hao hawakutoa majengo wala hazina. Walitoa heshima yao, ambayo hakuna aliyethubutu kuitilia shaka, na jambo lililokuwa likinong'onwa likaanza kuzungumzwa mezani. Waume zao na ndugu zao ndio waliojaza baadaye orodha ya wadhamini.

Milango ilifunguliwa usiku wa tarehe 25 Machi 1741 katika nyumba ya kupanga mtaa wa Hatton Garden. Taa ya mlangoni ilizimwa ili sura za akina mama zisionekane. Watoto 30 walipokelewa, nafasi zikaisha, na wanawake waliobaki nje na watoto mikononi waliambiwa waondoke. Vurugu za siku zilizofuata ziliwafanya wadhamini kuanzisha kura mwaka 1742. Mama aliingiza mkono ndani ya mfuko na kutoa mpira mmoja. Akitoa mweupe, mtoto alipokelewa iwapo hana maradhi ya kuambukiza. Akitoa mwekundu alingoja, huenda mtoto wa mwenzake akakataliwa kwa ugonjwa. Akitoa mweusi, alirudi na mtoto wake alikotoka. Wageni matajiri waliruhusiwa kutazama, na ni vigumu kuisoma habari hiyo bila uchungu, kwa kuwa wafadhili walikaa wakiangalia mkono wa mama ukitafuta bahati ya mtoto wake gizani.

Mtoto aliyepokelewa alibatizwa jina jipya. Wengi walipewa majina ya wafadhili wenyewe, na hivyo wakakua watoto kadhaa walioitwa Thomas Coram au William Hogarth. Jina la kuzaliwa lilipotea, na ili mama aweze kumdai mwanawe siku hali yake itakapotengemaa, aliombwa aache alama. Makarani waliibana kwa pini kwenye karatasi ya mtoto: sarafu iliyochorwa herufi, ganda la njugu, utepe, mara nyingi kipande tu cha kitambaa kilichokatwa kwenye nguo. Vitambaa vya namna hiyo takriban 5,000 bado vimehifadhiwa. Kimojawapo, cha mwaka 1767, kimeungwa kwa viraka vidogovidogo na juu yake umetariziwa moyo kwa uzi mwekundu. Mama aliukata moyo huo katikati, nusu akamwachia mtoto, nusu akaondoka nayo. Mwaka 1775 alirudi na nusu yake akakabidhiwa mwanawe. Waliobahatika namna hiyo walikuwa wachache mno.

Nyumba ya kudumu ilijengwa kwenye mashamba yaliyokuwa ukingoni mwa mji, eneo ambalo leo ni Bloomsbury, na upande wake wa kwanza ulianza kutumika mwaka 1745. Hapo ndipo William Hogarth, mchoraji aliyejulikana kuliko wote katika London ya wakati wake, alipofanya jambo ambalo halikuwa na mfano Uingereza. Alikuwa mdhamini tangu siku ya hati. Mwaka 1740 alimchora Coram na kuitoa picha hiyo zawadi: nahodha ameketi kwenye kiti kikubwa kama mtu wa ukoo wa kifalme, lakini miguu yake haifiki sakafuni sawasawa na koti lake ni la mtu wa kazi. Kisha akawavuta wenzake. Allan Ramsay, Joseph Highmore, Francis Hayman na Thomas Gainsborough, huyu wa mwisho akiwa bado kijana, kila mmoja alitoa kazi yake bila malipo ili kuta zipambwe. London haikuwa na jumba la umma la kuonyesha picha za wachoraji walio hai. Aliyetaka kuziona alilazimika kwenda kwenye makao ya watoto waliotupwa, na aliyekwenda kutazama picha aliwaona watoto pia, akafungua mkoba. Wachoraji walipata soko, watoto walipata chakula. Desturi hiyo ya kukutana na kuonyesha kazi kwa pamoja ni miongoni mwa mambo yaliyozaa chuo cha sanaa cha Royal Academy mwaka 1768.

Hogarth hakuishia kwenye rangi. Mwaka 1750 aliiuza picha yake ya wanajeshi wakielekea Finchley kwa njia ya bahati nasibu, na tiketi 167 zilizobaki akawapa Foundling. Mojawapo ikashinda, na picha ikaenda kwa watoto. Yeye na mkewe Jane, ambao hawakujaliwa mtoto, walisimamia pia wanawake waliolipwa kunyonyesha vichanga wa makao hayo huko Chiswick.

George Frideric Handel alikuja na muziki. Tarehe 27 Mei 1749 aliongoza tamasha la hisani ndani ya kanisa la makao lililokuwa halijamalizika kujengwa, na Mwana wa Mfalme na mkewe walihudhuria. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Mei, alipiga oratorio yake Messiah kuzindua kinanda alichowapatia. Tiketi ilikuwa nusu gini, bei ambayo mtumishi wa ndani asingeweza kuifikiria, na bado waliofika walizidi viti hata wengine wakarudishwa mlangoni, ikabidi onyesho lirudiwe siku 14 baadaye. Kabla ya hapo Messiah ilipokelewa kwa ubaridi London, ingawa Dublin ilikuwa imeshangiliwa mwaka 1742 katika onyesho la hisani lililosaidia kuwatoa gerezani wadaiwa 142. Kuanzia 1750 ikawa desturi ya kila mwaka katika kanisa la Foundling, na maonyesho hayo yaliwaingizia watoto karibu pauni 7,000. Umaarufu wa Messiah, ambayo leo huimbwa na kwaya za makanisa mpaka Afrika Mashariki, ulikomaa pale. Katika wosia wake Handel aliwaachia Foundling nakala ya muziki huo pamoja na sehemu zote za waimbaji na wapiga ala, ili kifo chake kisikatize mapato. Alifariki mwaka 1759.

Coram mwenyewe hakuyafaidi hayo. Aligombana na wadhamini wenzake, akaondolewa kwenye kamati miaka michache tu baada ya hati kutolewa. Alipofariki mwaka 1751 akazikwa ndani ya kanisa la makao.

Sifa zilizoletwa na picha na muziki zilileta pia jaribu kubwa. Bunge lilikubali kutoa fedha kwa sharti kwamba mtoto yeyote atakayeletwa apokelewe. Tarehe 2 Juni 1756 kikapu kilitundikwa langoni pamoja na kengele, na siku hiyo ya kwanza waliletwa watoto 117. Kwa muda usiofika miaka minne walipokelewa karibu 15,000. Vichanga walibebwa kutoka mikoa ya mbali na wachukuzi wa kulipwa, wengi wakafika mahututi, na wanyonyeshaji hawakutosha. Zaidi ya theluthi mbili walikufa. Mwaka 1760 Bunge lilikata fedha. Nyumba ikarudi kutegemea hisani, na baada ya muda kura ikaachwa. Mama sasa alijieleza mbele ya kamati ya wanaume: mtoto awe wa kwanza, mwenendo wake wa zamani uwe mwema, baba awe amemtoroka. Wafadhili waliotoa fedha walitaka kujua zinamwendea nani, na aliyebeba gharama ya udadisi wao alikuwa mama.

Watoto walioishi walipelekwa mashambani kwa wanyonyeshaji, wakarudishwa London wakiwa na umri wa miaka mitano hivi, wakitenganishwa kwa mara ya pili na mwanamke waliyemjua kuwa mama. Jumapili walivaa sare ya kahawia iliyobuniwa na Hogarth na kuimba kanisani, huku watu wa hadhi wakilipia viti. Walipokua walikabidhiwa kwa mabwana ili wajifunze kazi, na huko macho ya wafadhili hayakufika. Mwaka 1765 msichana mmoja alitoroka alfajiri kutoka nyumba ya Elizabeth Brownrigg, mkunga wa mtaa wa Fetter Lane, akakimbia mpaka Foundling akiwa na majeraha ya kipigo. Wadhamini walimtibu, wakamwandikia mume wa Brownrigg, wakaufuta mkataba wa msichana, lakini hawakumfikisha mtu mahakamani. Miaka miwili baadaye msichana mwingine aliyeletwa na parokia, Mary Clifford, alikufa kwa mateso ya nyumba ileile. Brownrigg alinyongwa Septemba 1767. Mtoto aliyetoroka alikuwa ameshatoa ushahidi wote uliohitajika.

Mwandishi Charles Dickens aliyajua makao hayo kwa jicho la jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1830 alikaa mtaa wa Doughty, hatua chache kutoka makao, na alikuwa na kiti chake kanisani. Mwaka 1853 jarida lake lilichapisha makala kuhusu Foundling, ya kusifu kwa kiasi kikubwa. Riwaya Little Dorrit ilisema zaidi. Ndani yake yumo Tattycoram, msichana wa Foundling aliyechukuliwa kuwa mtumishi na familia yenye huruma, ambaye hasira ya kufadhiliwa kila siku inamfanya atoroke. Mwandishi huyohuyo alizungumza kwenye karamu ya Februari 1858 kwa ajili ya hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, iliyo karibu na hapo, na usiku huo zikachangwa zaidi ya pauni 3,000. Mwaka 1929 mwandishi J. M. Barrie aliipa hospitali hiyo haki zote za Peter Pan, hadithi ya mtoto aliyetoroka kwao siku ileile aliyozaliwa. Sheria ya mwaka 1988 iliamua kwamba mrabaha wake nchini Uingereza uendelee kulipwa hospitalini bila kikomo.

Foundling yenyewe iliihama London mwaka 1926, na kuanzia 1935 ikawa Berkhamsted. Jengo la Bloomsbury lilibomolewa, lakini sehemu ya kiwanja iliokolewa ikawa uwanja wa michezo, Coram's Fields, ambapo mpaka leo mtu mzima haingii asipokuwa na mtoto. Malezi ya bwenini yalifungwa mwaka 1954, baada ya takriban watoto 25,000. Shirika lilibaki, sasa likiitwa Coram, likishughulika na watoto wanaotafutiwa wazazi na familia zilizo katika shida. Picha na alama za akina mama zimo katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2004.

Vijana wanaotoroka nyumbani nao walipata mlango wao katika mtaa wa Soho. Desemba 1969 padri Kenneth Leech alifungua sehemu ya chini ya kanisa la St Anne iwe mahali pa kulala kwa vijana waliofika London bila pa kwenda. Usiku wa kwanza walikuja watano, na kabla ya mwezi kuisha walikuwa mamia. Hivyo ikazaliwa Centrepoint. Binti Mfalme Diana akawa mlezi wake mwaka 1992, miaka ambayo kamera zilimfuata kila alikokwenda, naye akazielekeza kwa vijana waliokuwa wakipitwa kila siku kwenye vibaraza vya maduka. Mwanawe William aliupokea ulezi huo mwaka 2005, na ulikuwa wa kwanza kwake. Desemba 2009 alilala nje usiku mmoja pamoja na mkuu wa shirika, karibu na daraja la Blackfriars, katika baridi iliyoshuka chini ya sifuri. Centrepoint inapokea vijana wa kuanzia miaka 16 hadi 25.