Waifai iko, intaneti hakuna: namna ya kutafuta mahali anwani ya IP inapotelea

Lusenda iko kando ya ziwa Tanganyika, kati ya Uvira na Baraka, katika teritware ya Fizi. Tangu mwaka 2015 kuko kambi ya wakimbizi wa Burundi. Mahali kama hapo, chumba cha ordinateri kikitumia sola ao jenereta, kila saa ya kuzima na kuwasha mashini bila kujua shida ni mafuta inaungua bure. Na mara mingi watu wanalaumu kampuni ya intaneti, kumbe shida iko ndani ya chumba.

Anwani inatoka wapi

Kila mashini inahitaji namba yake, njo anwani ya IP. Kazi ya kuigawa inafanywa na DHCP, utaratibu uliotangazwa mwaka 1993 na kurekebishwa mwaka 1997. Mashini inauliza wote: nani anaweza kunipa anwani? Mgawaji anatoa moja, mashini inaikubali, mgawaji anahakikisha. Katika rezo ndogo, mgawaji ni parefe (fayawoli) yenyewe, na swichi inapeleka kable kwa kila mashini.

Dalili

Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike ipconfig. Anwani ikianza na 169.254, maana yake mashini iliuliza, hakuna aliyejibu, ikajipa namba yenyewe. Simu nayo inabakia kutafuta anwani ya IP bila kumaliza. Kununua forfe ingine haitasaidia.

Kwanza, ondoa swichi njiani

Chukua ordinateri moja, uichomeke kwa kable moja kwa moja kwenye tundu la parefe lililokuwa linaenda kwa swichi. Ikipata anwani, parefe ni nzima: shida iko kwa swichi ao kable. Isipopata, angalia parefe. Lakini kama parefe inapitisha VLAN nyingi kwa kable moja, jaribio hilo halitoshi, juu mashini ya kawaida haisomi alama za VLAN.

Shida za swichi

- Umeme ulikatika na mipangilio haikuwa imehifadhiwa. Swichi nyingi za kupangwa zinarudi kwenye hali ya zamani, na VLAN zinapotea.
- Tundu la mashini liko kwenye VLAN moja, kable ya parefe haipitishi hiyo.
- Ulinzi wa DHCP umewashwa, lakini tundu linaloenda kwa parefe halikuwekwa kuwa la kuaminiwa. Majibu yanatupwa.
- Swichi imewaka sasa hivi. Zingine zinachukua karibu sekunde 30 kuchunguza kama kable hazizunguki, kabla ya kufungua tundu. Ngojea, kisha omba anwani tena kwa ipconfig /renew.

Shida za parefe

DHCP inaweza kuwa imezimwa upande ule, ao anwani zimeisha. Kutoka 100 mpaka 150 kuko anwani 51 tu. Muda wa kukodisha ukiwa saa 24, simu ya mpita njia wa asubuhi inashika anwani mpaka kesho, na mwanafunzi wa mchana anakosa. Punguza muda uwe saa moja ao mbili, ao panua orodha.

Mgawaji akiwa upande mwingine wa parefe, ombi la mashini halivuki lenyewe. Lazima kuwasha kazi ya kupitisha maombi ya DHCP, na kuruhusu UDP 67 na 68.

Anwani ikiwa ya familia ingine

Rezo ni 192.168.10, mashini inapata 192.168.0: kuko mgawaji wa pili. Mara mingi ni ruta ndogo ya waifai mtu ameichomeka bila kuuliza. Itafuteni na muitoe.

Mbele ya kuita fundi

Wekea mashini moja anwani kwa mkono, isiyo katika orodha ya DHCP na isiyotumiwa na mwingine. Ikifika kwa parefe, njia ni nzima, DHCP peke yake njo imekwama. Andikeni kwa karatasi matokeo hayo, namba za VLAN na orodha ya anwani. Shida ikiisha, hifadhini mipangilio ya swichi siku ile ile, mbele ya jenereta kuzimwa.