Kiraka na Sababu Yake: Kosa la OpenSSL katika Debian, 2006–2008

1.0 Utangulizi

Mradi wa Debian ulianzishwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993. Katika usambazaji huu wa Linux, kifurushi cha programu huwa na mtunzaji, mtu au kikundi, anayepokea msimbo chanzo kutoka kwa waandishi wa awali, kuukagua, kuutia viraka panapohitajika, kisha kuufikisha kwa watumiaji. Mkataba wa Kijamii wa mradi huo, uliopitishwa mwaka 1997, ulisisitiza wajibu wa pande mbili: kutowaficha watumiaji matatizo, na kuwarudishia waandishi wa awali marekebisho. Watetezi wengi wa programu huria wameshikilia kwamba msimbo unaoonwa na wengi hauwezi kuficha kosa kwa muda mrefu. Insha hii inahoji dai hilo. Hoja yake ni kwamba kuonekana kwa kiraka si kukaguliwa kwake. Kiraka hukaguliwa pale sababu yake inapomfikia mtu anayeielewa sehemu iliyobadilishwa.

2.0 Chimbuko la Kosa

OpenSSL ni maktaba ya usimbaji fiche. Miongoni mwa kazi zake ni kuzalisha namba nasibu zinazotumika kutengeneza funguo za siri. Mwaka 2006, mtunzaji wa kifurushi hicho katika Debian alishughulikia malalamiko kwamba Valgrind, programu inayopima matumizi ya kumbukumbu ya kompyuta, ilitoa maonyo mengi kuhusu data iliyosomwa kabla ya kupewa thamani. Maonyo hayo yalitokana na mistari miwili ya msimbo. Mtunzaji hakuiondoa kimyakimya. Aliwauliza kwanza wahusika wa OpenSSL, akajibiwa kwamba kuiondoa kunafaa ikiwa kutasaidia kutafuta makosa. Muulizaji aliichukulia kauli hiyo kuwa idhini ya badiliko la kudumu, ilhali maneno yenyewe yaliweza kuhusu majaribio tu.

Mistari hiyo ilifanana kwa sura, si kwa kazi. Mmoja uliongeza tu mabaki yaliyokuwamo kwenye kumbukumbu, na kuondolewa kwake hakukuwa na madhara makubwa. Wa pili ndio ulioingiza data ya nasibu kutoka vyanzo vyote vya maana. Ulipoondolewa, kilichobaki kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine ni namba ya mchakato, ambayo kwa kawaida katika Linux haizidi 32,768. Kwa kila aina ya mashine na kila ukubwa wa ufunguo, basi, funguo zote zilizowezekana zingeweza kutengenezwa mapema na kujaribiwa mmoja baada ya mwingine.

Badiliko hilo liliingia katika toleo la 0.9.8c-1 mwezi Septemba 2006, likafika katika Debian 4.0 mwezi Aprili 2007, na pia katika Ubuntu. Lilikaa wazi kwa takribani miezi 20. Hata hivyo, lilikuwa ndani ya faili moja lililokusanya mabadiliko yote ya Debian katika kifurushi hicho. Aidha, hapakuwa na dalili ya kumshtua mtumiaji: programu ilifanya kazi, funguo zilitengenezwa, na maonyo yalikoma.

3.0 Marekebisho na Mipaka Yake

Kosa liligunduliwa na Luciano Bello, na Debian ikalitangaza tarehe 13 Mei 2008. Kurejesha msimbo ulioondolewa ilikuwa kazi ndogo. Funguo zilizokwisha kutengenezwa ndizo zilizokuwa tatizo, kwa kuwa kusasisha kifurushi hakukuzibadilisha. Hata seva ambayo haikuwahi kutumia Debian ilikuwa hatarini ikiwa ilimkubali mtumiaji mwenye ufunguo dhaifu. Debian ililazimika kusambaza orodha za funguo hizo ili programu ya SSH izikatae, na wasimamizi wakatakiwa kutengeneza funguo upya. Aliyekusudia kuziba ufa, kwa hiyo, ndiye aliyebomoa ukuta, na gharama ya kuujenga iliwaangukia wengine.

Kuanzia mwaka 2009, Debian iliruhusu muundo mpya wa vifurushi unaohifadhi kila kiraka katika faili lake. Mwaka huohuo ulipendekezwa utaratibu wa kuandika, juu ya kila kiraka, maelezo yake, asili yake, na iwapo kimepelekwa kwa waandishi wa awali.

4.0 Hitimisho

Kumlaumu mtunzaji mmoja hakuelezi tukio hili. Alitambua tatizo, akauliza, akajibiwa. Kilichokosekana ni njia ya kuhakikisha kwamba muulizaji na mjibu wanazungumzia jambo lilelile. Tukio la Machi 2024 linaikamilisha picha kutoka upande wa pili. Andres Freund alibaini mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, uliopandikizwa upande wa waandishi wa awali na kupokewa na watunzaji waliowaamini. Mwaka 2006 mtunzaji aliharibu msimbo uliokuwa salama. Mwaka 2024 watunzaji walipokea msimbo uliokuwa umeharibiwa. Katika matukio yote mawili, badiliko lilipita bila kusomwa na mtu aliyeijua sababu yake halisi. Historia ya uhakiki wa vifurushi, basi, inapaswa kuchunguza maelezo yaliyoandamana na mabadiliko kwa uzito uleule unaopewa msimbo wenyewe.