Hongo ya Mvumi na Bei ya Gari

Kijijini kwetu, upande wa Mvumi, wilaya ya Chamwino, ukitaka kumuudhi mzee mwambie babu zake walikuwa wala hongo. Atakuangalia kwanza, kisha atakukumbusha kwamba neno hilo halikuwa tusi. Hongo ilikuwa ada. Mgeni aliyepita nchini kwa mtemi na mizigo yake alitoa nguo, shanga au waya wa shaba, akapewa ruhusa ya kuchota maji, kununua mtama na kupita salama. Rushwa ilikuja kuliiba neno hilo baadaye.

Nimelifikiria sana neno hili tangu baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu, alipoamua kununua gari jipya. Hakutaka la anasa. Mama mdogo ana presha na sukari, kliniki yake iko Dodoma mjini, na wakati wa mvua makorongo ya kwetu hayampi mtu nafasi ya kujadiliana nayo. Bodaboda imemchosha mgongo. Mzee alikuwa na kiinua mgongo chake, akataka gari lililoinuka, ambalo halijaendeshwa na mtu mwingine. Tulikaa chini ya mwarobaini, simu yangu mkononi, tukalinganisha bei. Mtoto wa shangazi yangu anayefanya kazi Muscat akatutumia bei ya gari la aina hiyo hiyo huko aliko. Mzee alivua miwani, akaifuta, akauliza, “Kwani hilo la Oman lina magurudumu matatu?”

Swali lake lina jibu, lakini jibu hilo ni refu, na kwa bahati nzuri sehemu yake ya kwanza ilitokea pale pale tulipokaa.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikatiza Ugogo. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na Mvumi ni mojawapo ya mahali alipolipa hongo huku akinung’unika. Bidhaa kubwa ya njia hiyo ilikuwa merikani, kitambaa cheupe cha pamba kilichopewa jina la nchi kilikofumwa, Marekani. Kilipimwa kwa doti, yaani mikono minane.

Sasa angalia safari ya doti moja. Ilipoingia Zanzibar ilitozwa ushuru wa asilimia 5. Kiwango hicho kiliwekwa katika mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, na kilijulikana na kila mfanyabiashara. Baada ya hapo doti ilipandishwa begani kwa mpagazi, ikavuka Mrima, ikavuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunyweka, ikafika Ugogo. Hapa hapakuwa na mkataba ulioandikwa. Kila mtemi alijadiliana na kila msafara, na baada ya mmoja alikuwapo mwingine. Doti iliyosalia ilipofika Tabora ilikuwa imebeba ujira wa wapagazi, chakula chao, hasara ya njiani, na doti nyingine zilizoachwa Ugogo. Ndiyo maana kitambaa kile kile kilikuwa na bei moja Zanzibar na nyingine kabisa bara. Nguo haikubadilika hata uzi mmoja.

Watemi waliwezaje kudai kiasi hicho? Wasafiri Wazungu waliandika kana kwamba ni uroho mtupu. Ukiishi Ugogo hata msimu mmoja wa kiangazi utaelewa vingine. Maji yalikuwa machache, visima na mabwawa yalichimbwa kwa jasho, na msafara wa watu mia kadhaa ungeweza kukausha kisima cha kijiji kwa siku moja. Njia ya kukwepa nayo ilikuwa ngumu, kwa kuwa kaskazini kulikuwa na nyika ya Wamasai ambayo misafara iliiogopa. Anayeuza kitu ambacho mnunuzi hawezi kukipata kwingine ndiye anayepanga bei. Kanuni hiyo haijazeeka.

Turudi kwenye gari. Kwa nini Muscat ni rahisi? Nchi sita za Ghuba zilikubaliana mwaka 2003 kutoza ushuru wa forodha wa pamoja wa asilimia 5 kwa bidhaa nyingi zitokazo nje. Ni kiwango kile kile cha Sayyid Said, sadfa tu, lakini sadfa inayonichekesha. Oman haikuwa hata na kodi ya ongezeko la thamani hadi mwaka 2021, na ilipoiweka, nayo ilikuwa asilimia 5. Serikali yenye mafuta ya kuuza haina haja kubwa ya kumngojea mwananchi bandarini.

Sisi tuko katika Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2005. Gari la abiria linaloingia Tanzania hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Tuchukue mfano wa gari jipya lenye injini inayozidi sisi 2,000, ambalo pamoja na bima na nauli ya meli limefika Dar es Salaam kwa shilingi milioni 20. Ushuru wa forodha ni milioni 5, sasa tuko milioni 25. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 haupigwi kwenye ile 20, unapigwa kwenye 25, kwa hiyo tunaongeza milioni 2.5. Kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla yote hiyo, milioni 4.95. Gari la milioni 20 limekuwa la milioni 32.45 kabla hujagusa tozo ya reli, ada ya forodha, usajili na faida ya muuzaji. Kila kodi imepanda mgongoni mwa mwenzake, kama hongo ya mtemi wa pili iliyomkuta msafiri akiwa tayari ameshalipa kwa wa kwanza.

Kodi, hata hivyo, si sababu pekee. Soko letu la magari mapya ni dogo, wauzaji rasmi ni wachache, na muuzaji anayeuza magari machache lazima apate faida kubwa kwa kila moja. Gari linanunuliwa kwa dola na tunalilipia kwa shilingi. Tena, kiwanda hakina bei moja kwa dunia nzima. Denmark inajulikana kwa kodi ya usajili ambayo kwa magari ya bei juu hufikia asilimia 150, na kwa miaka mingi bei za magari huko kabla ya kodi zilikuwa miongoni mwa za chini kabisa Ulaya. Watengenezaji walishusha bei zao wenyewe, maana bila hivyo hakuna ambaye angenunua. Kwa maneno mengine, sehemu ya kodi ile iliwaangukia wao. Singapore wameenda mbali zaidi. Tangu mwaka 1990 hununui gari kabla ya kushinda mnada wa kibali cha kulimiliki, na mwaka 2023 kibali peke yake kwa magari makubwa kilipita dola 100,000 za nchi hiyo. Kisiwa ni kidogo, barabara hazitoshi, na serikali inasema hivyo waziwazi.

Kwetu sababu zinazotajwa ni mbili. Ya kwanza ni mapato: gari haliwezi kufichwa, linapita bandarini, lina namba. Ya pili ni kulinda viwanda. Kenya ina mitambo ya kuunganisha magari Mombasa, Thika na Nairobi tangu miaka ya 1970. Sisi tulikuwa na kiwanda cha TAMCO Kibaha kilichounganisha malori ya Scania, na jirani yake mradi wa jeshi wa Nyumbu uliounda lori lenye jina hilo. Kwa gari dogo la familia, ukuta wa ushuru upo, lakini ukitazama ndani yake huoni kiwanda kikubwa kinacholindwa.

Matokeo yake unayaona barabarani Chamwino. Mashangingi meupe yanapita kuelekea Ikulu na kurudi mjini, mapya, vioo vyeusi, na fedha iliyoyanunua imetoka kwenye mfuko wa wote. Pembeni mwa lami kuna bodaboda, bajaji na magari yaliyochoka Japani yakaja kumalizia uzee wao kwetu. Hata hayo yana adhabu, kwa kuwa gari lililozidi miaka 8 huongezewa ushuru wa uchakavu, na lililozidi 10 huongezewa zaidi. Asiye na uwezo wa jipya anatozwa kwa kununua kuukuu. Baba mdogo aliangalia kikokotoo cha TRA kwa muda mrefu, akaniuliza, “Mwanangu, hii ni kodi au ni hongo?”

Nilimjibu kwamba inategemea kisima. Msafara uliolipa hongo Mvumi ulikunywa maji siku ile ile. Ukinyimwa maji baada ya kulipa, hapo umeporwa. Kwa kipimo hicho, si kila tozo yetu ni uporaji. Tangu mwaka 2015 bidhaa nyingi zitokazo nje hulipiwa tozo ya kuendeleza reli, na mwaka 2024 treni ya umeme ilifika Dodoma, ikifuata kwa sehemu kubwa ule ushoroba wa wapagazi. Mzee ameshaipanda na kuisifu. Lakini treni haiingii kwenye korongo la kwetu kumchukua mama mdogo saa nane za usiku.

Mwishowe alinunua la Japani, la miaka 9. Linawaka, na kliniki hazikosekani tena, ingawa kiinua mgongo kimekwisha.

Kila mwezi Juni bajeti ya serikali husomwa Bungeni Dodoma, karibu kabisa na nchi ya wale watemi. Wengi wetu husikiliza bia na sigara, kisha tunazima redio. Mwaka huu nasikiliza sehemu ya magari mpaka mwisho, karatasi ikiwa mkononi. Upande mmoja nitaandika viwango. Upande wa pili nitaandika visima: barabara ya Mvumi, gari la wagonjwa la kata yetu, kiwanda kinachosemekana kulindwa. Mbunge wetu akija kwenye mkutano, nitamsomea pande zote mbili.