Michikichi ya mapambo: kutoka bustani za wakoloni hadi kwenye parsele

Katika miji mingi ya Kongo, parsele ya zamani hujulikana kwa mchikichi wa mapambo uliosimama mbele ya nyumba. Si ule wa mawese. Shina lake ni laini, jeupe kama nguzo ya saruji, na asili yake ni Kuba na nchi za jirani, ng'ambo ya bahari.

Mimea mingi ya kigeni iliingia nchini kupitia bustani za majaribio. Huko Kisantu, Kongo ya Kati, bruda Mbelgiji Justin Gillet, Myezuiti, alifika mwaka 1893. Alianza na mboga na matunda ya kulisha misheni, kisha akakusanya miti ya kila namna. Mwaka 1900 serikali ya Mfalme Leopold wa Pili ikaanzisha bustani ya Eala, karibu na Mbandaka, mji ulioitwa zamani Coquilhatville. Serikali ilitaka hasa mpira, kahawa na kakao. Urembo ulifuata nyuma ya biashara.

Miaka hiyohiyo, wanakijiji wa Ekwateri walilazimishwa kwa bunduki kuleta mpira wa porini. Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alipita huko mwaka 1903, na ripoti yake ya 1904 inaeleza vijiji vilivyobaki vitupu na watu waliokimbilia mbali. Mbegu za ng'ambo zilitunzwa kwa uangalifu huku wenyeji wakilala msituni. Jina la Gillet limo katika majina ya kitaalamu ya mimea kadhaa. Wale waliochimba mashimo na kubeba maji hawakupewa heshima hiyo.

Hata hivyo, ujuzi ulibaki mikononi mwa watunza bustani. Mbegu za aina nyingi za michikichi hufa zikikauka sana, kwa hiyo hupandwa zikiwa bichi, kwenye kivuli na udongo usiotuama maji. Kuchipua kunaweza kuchukua miezi. (Ule mti wenye majani kama feni, unaopendwa mbele ya hoteli, si mchikichi hata kidogo. Umetoka Madagaska na uko karibu zaidi na mgomba.)

Kwa familia iliyohama, kuna jambo la kujua kabla ya kurudi. Mkaratusi ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki. Mchikichi wenye shina moja una kichipukizi kimoja tu, kileleni. Kikikatwa, mti wote umekufa, hata kama ulisimama miaka hamsini na kila jirani aliutumia kuelekeza wageni. Mkindu, ndugu yake wa hapa Afrika, una tabia nyingine: huota mashina mengi kwa pamoja. Likikatwa moja la kuni, mengine huendelea, na makuti yake bado yanafaa kusukia mkeka.