Waya Ulivyompandisha Cheo Fundi Umeme

Uchumi wa Tanzania ulipofunguliwa baada ya 1985, magari yaliyotumika Japani yalianza kumiminika Dar es Salaam, na gereji zikapata kazi mpya: kuifungia Land Rover kuukuu injini ya Toyota. Kwa injini ya 1HZ, yenye pampu ya dizeli isiyotegemea kompyuta, mwenye kazi alikuwa makanika. Nyaya chache za stata, chaji, hita na kuzimia zilitosha. Injini ya 1KZ-TE iligeuza mambo, maana kompyuta yake hupima mafuta kwa taarifa za sensa. Wapo wasemao kuifunga injini hiyo ni kuunga waya tu. Sivyo: fundi umeme huchambua fungu zima la nyaya, akabakiza za injini na kuondoa za taa na vioo vya gari injini ilikotoka. Historia ya gereji zetu basi iandikwe kwa waya pia, si kwa spana peke yake.